Kupiga Picha Mji Mkongwe kwa Simu au Kamera Ndogo ya Mfukoni

Kihisi (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) cha kamera nyingi ndogo za mfukoni, kile kiitwacho cha inchi 1/2.3, kina upana wa milimita 6.17 na kimo cha milimita 4.55, ilhali kihisi cha kamera kubwa ya fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni kubwa kwa karibu mara 30. Vihisi vya simu za kisasa vinatofautiana, lakini navyo vimo katika kundi hilo la vidogo. Kutokana na udogo huo kamera hukusanya mwanga mchache, na picha ya gizani huingia chenga, yaani vidoadoa. Kutokana na udogo huohuo, kamera huonyesha kwa ukali vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja, jambo ambalo mwenye kamera kubwa hulisumbukia. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuutumia udogo huo kwa faida, na mfano wangu ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa kuwa vichochoro vyake vinaifaa kamera ndogo kuliko mahali pengi ninapopafahamu.

Hatua ya kwanza: safisha lenzi. Lenzi ya simu hushikwa na vidole siku nzima, na mafuta ya ngozi hutandaza ukungu kuzunguka kila taa na kila ukuta mweupe. Ifute kwa kitambaa laini cha pamba kabla ya kupiga. Ukitoka katika chumba chenye kiyoyozi, subiri dakika kadhaa ili mvuke ulioganda kwenye kioo ukauke wenyewe.

Hatua ya pili: chagua saa, kisha chagua kivuli. Zanzibar iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua hukaa juu sana kwa sehemu kubwa ya mwaka, na nyuso za watu huwa na vivuli vyeusi chini ya macho. Kihisi kidogo hakiwezi kubeba kwa pamoja weupe wa ukuta unaopigwa na jua na weusi wa kivuli kilicho kando yake. Katika maeneo ya wazi, kama vile ufukweni, piga kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Ndani ya vichochoro mambo ni tofauti: kuta ndefu zilizopakwa chokaa huupokea mwanga juu na kuurudisha chini ukiwa umelainika, kwa hiyo hata saa tano asubuhi mtu aliyeketi barazani, upande wa kivuli, huwa amepata mwanga bora kuliko wa studio nyingi.

Hatua ya tatu: amua mwanga mwenyewe. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika, nami ningependa msomaji asiiruke. Kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, kama wa rangi ya kijivu. Ukielekeza kwenye ukuta mweupe itautia giza, na mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta huo atatoka kama kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, endelea kubonyeza mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole juu au chini kurekebisha mwanga. Kwenye kamera ya mfukoni tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ndiye mtihani wenyewe: ukiuangazia uso, nyuzi na nakshi za kofia hupotea, na sehemu iliyoungua kwa mwanga haiwezi kurudishwa. Mimi huipima kanzu, nikapunguza mwanga mpaka mikunjo yake ionekane, halafu nikauinua uso baadaye wakati wa kuhariri. Afadhali zaidi ni kumwomba asogee kivulini, ambako tofauti kati ya uso na nguo hupungua.

Hatua ya nne: panga picha kwa tabaka. Kwa sababu ya ukubwa wa kihisi chake, kamera ya inchi 1/2.3 iliyofunguliwa kwa f/2 (namba ya f hueleza mwanya, yaani tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa) hutoa kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kwa ukali, sawa na f/11 kwenye fremu kamili yenye uoni uleule. Maana yake ni kwamba unaweza kuweka njumu za shaba za mlango uliochongwa karibu na lenzi, mchuuzi wa kahawa hatua chache nyuma yake, na baiskeli mwisho wa kichochoro, na vyote vikasomeka bila kupunguza kasi ya shata, yaani bila kurefusha muda wa kamera kupokea mwanga. Tafuta basi mahali penye tabaka mbili au tatu, simama, na usubiri watu wapite. Kwa kamera yenye mwanya unaobadilika, usiubane kupita f/5.6, kwani mwanga hupinda katika tundu dogo na kuufifisha ukali wa picha nzima. Sishauri kutegemea programu za simu zinazotia ukungu wa nyuma kwa hesabu. Mara nyingi hukata ukingo wa kofia au ushungi, na huondoa kile ambacho kamera yako inakifanya vizuri.

Kabla ya kumkaribia mtu, msalimie na umwombe ruhusa. Wakazi wengi hawapendi kupigwa picha kwa kushtukizwa, na udogo wa kamera si kibali cha kuwaibia sura zao.

Hatua ya tano: sogea kwa miguu. Kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo kwa kawaida ni kuikata tu, hivyo tembea. Kwa uso, hata hivyo, usisogee sana na lenzi pana, kwa maana pua hukua. Simama umbali wa mita moja na nusu hivi, kisha punguza kingo baadaye, au tumia lenzi ya simu ya kuvuta karibu kama ipo.

Hatua ya sita: usiku, tuliza mkono. Baada ya magharibi giza huingia upesi, kwa muda usiofika nusu saa. Hali ya usiku ya simu huunganisha picha nyingi kuwa moja ili kupunguza chenga, na hufaa kwa majengo yasiyosogea. Bustanini Forodhani, ambako wapishi wanasogea na moshi unapanda, egemeza viwiko ukutani, karibia taa ya meza, na upige mfululizo.

Hatua ya saba: hifadhi na uchapishe. Kama kamera inaruhusu, piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, pale penye tofauti kubwa ya mwanga, kwa sababu faili hiyo hubakiza maelezo mengi zaidi kivulini. Inua vivuli kwa kiasi, na usizidishe ukali. Picha ya megapikseli 12 yenye pikseli 4000 kwa 3000 hutosha kuchapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa sentimita 34 kwa 25. Mpelekee mchapaji faili halisi kwenye flashi au uitume kama hati, kwa kuwa WhatsApp huibana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida.