Jinsi ya kuusikiliza "The Lady in My Life"

Kwa miaka mingi niliamini kwamba albamu ya Thriller ya Michael Jackson inaishia kwenye "P.Y.T." Nilikuwa nayo kwenye kaseti, na "P.Y.T." ikimalizika tu, kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, nirudie "Beat It". Kumbe mbele yake palikuwa na wimbo wa 9, "The Lady in My Life", umetulia zake.

Albamu ile ilitoka 1982 na nyimbo 9. 7 zikatolewa kama singo, yaani kila moja peke yake. Zilizobaki ni "Baby Be Mine" na huu wa mwisho, na zote mbili kazitunga Rod Temperton, yuleyule aliyeandika wimbo wa "Thriller". Kwa hiyo usiuendee kama kijazio.

Usiuanze peke yake, utauona umepoa. Anzia "Beat It", uache upande wa pili wote upite: gitaa, besi ya "Billie Jean", utulivu wa "Human Nature", kisha "P.Y.T." ikuchezeshe. Ukishachoka kucheza, ndipo wimbo huu unaingia. Na spika ya simu, tafadhali, iweke kando. Besi ya wimbo huu haitoki humo.

Mara ya kwanza achana na maneno, fuata besi tu. Mara ya pili mfuate Michael. Mwanzoni anaimba kwa adabu, kama anayesoma barua aliyoiandika usiku na sasa anaionea haya. Wimbo ukivuka katikati, beti zinaisha, mdundo unakolea, naye anaanza kubembeleza: neno analivuta, analikatiza, analirudia kwa namna nyingine. Wimbo wenyewe uko hapo. Anayeuzima baada ya kiitikio bado hajausikia.

Jambo jingine: albamu ilipomalizwa ilikuwa ndefu kupita kiasi kwa santuri, na mifereji ya santuri inayopitiwa na sindano ikibanana, sauti hupungua nguvu. Quincy Jones, mtayarishaji wa albamu, na wenzake wakapunguza, na ubeti mmoja wa wimbo huu ukakatwa. Nimeutafuta mshono, sijauona. (Nadhani hata ulifaidika, maana kule kubembeleza kunafika mapema.)

Mwishoni sauti inafifia huku yeye bado anaimba. Mimi hushika kitufe cha sauti, kadiri wimbo unavyozama nami naongeza, kidogo kidogo, mpaka kwenye spika unabaki mvumo mtupu.