Somo: Barua yako ya malalamiko imelala jalada gani?

Wanachama wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, habari za kazi. Somo hili niliahidi tangu Mei Mosi, mkanivumilia. Nimekaa masjala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, miaka 26, kwanza huko juu Makondeni, kisha huku Mtwara mjini hadi nikastaafu. Sikusomea sheria. Ninachokijua ni karatasi: inaingilia mlango gani, inalala wapi, na nani akiigusa inaamka.

Juzi nilikuwa stendi nanunua ming'oko, kijana mmoja wa afya akanisimamisha. "Mama, nimelalamikia nauli yangu ya likizo mwaka wa pili sasa, kimya." Nikamuuliza amelalamika kwa nani. Kwa bosi. Kwa barua? "Nilimwambia tulipokuwa kwenye gari." Basi huyo hajalalamika. Amepiga soga barabarani, na bosi mwenyewe alikwishasahau kabla hawajafika Mikindani.

HATUA YA KWANZA: JUA UMEBEBA NINI

Watu wetu huita kila kitu malalamiko, na hapo ndipo wengi huumia. Ukiomba uhamisho au ruhusa ya masomo, hilo ni ombi, hujanyimwa bado. Ukistahili kitu usikipate, au ukitendewa isivyopaswa, hilo ndilo lalamiko: malimbikizo hayajalipwa, wenzako mliolingana kwenye tange, ile orodha ya ukubwa kazini, wamepanda daraja wewe umebaki, mkuu wa kituo anakutukana mbele ya wagonjwa. Lakini mamlaka ya nidhamu ikishaamua jambo lako, ikakufukuza kazi, ikakushusha cheo au ikakupunguzia mshahara, unachobeba si lalamiko tena. Ni rufaa, na rufaa ina saa inayotembea. Kanuni za Utumishi wa Umma zinatoa siku 45.

Nimeona mtu amepewa barua ya kufukuzwa, akakaa miezi minne akiandika "malalamiko" kwa kila mkubwa anayemjua, mpaka kwa mbunge. Barua nzuri kabisa, mwandiko kama wa chuo cha ualimu cha zamani. Alipokuja kuambiwa akate rufaa, siku zilikwisha zamani. Kwa hiyo ukipokea uamuzi wa nidhamu, andika juu yake kwa kalamu siku uliyoupokea, saini dispachi, lile daftari la kukabidhiana barua, kwa tarehe hiyo hiyo, na usingoje siku ya arobaini.

HATUA YA PILI: KUSANYA KABLA YA KUANDIKA

Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho, salari slipu za miezi inayohusika. Toa nakala, halisi zibaki nyumbani, mahali pasipovuja. (Msicheke. Paa la makuti na masika ya Lindi vimekula ushahidi mwingi kuliko maafisa utumishi.)

Kisha soma unachodai. Kwa mfano nauli ya likizo: likizo ni ya kila mwaka, ila nauli serikali hulipa mara moja kila miaka miwili, kwako wewe, mwenza wako na watoto au wategemezi wasiozidi wanne. Anayedai nauli ya kila mwaka kwa watu tisa anampa mhasibu sababu ya kuliweka dai lote pembeni. Na madai ya mshahara usiyachanganye na yasiyo ya mshahara. Malimbikizo ya mshahara huhakikiwa na kulipwa na Hazina. Nauli, uhamisho na matibabu hutegemea fungu la mwajiri wako. Ukiyaweka kwenye barua moja, barua hiyo haina meza ya kwenda.

HATUA YA TATU: SEMA KWANZA

Mwone msimamizi wako ana kwa ana. Mambo mengi huishia hapo, na anayeruka hatua hii huonekana mchokozi hata akiwa na haki. Ukitoka tu, andika kwenye daftari lako: tarehe, saa, alisema nini, aliahidi lini. Mistari minne inatosha.

HATUA YA NNE: BARUA

Fupi. Ukurasa mmoja, viambatisho nyuma. Mfano huu ni wa kubuni:

"Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ______.
Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya ______.

YAH: KUTOLIPWA POSHO YA UHAMISHO, CHEKI NAMBA ______

Rejea barua yako yenye Kumb. Na. ______ ya tarehe 4 Machi iliyonihamisha kutoka kituo A kwenda kituo B. Niliripoti tarehe 18 Machi (kiambatisho 1). Hadi leo sijalipwa posho ya kujikimu, usumbufu wala gharama za mizigo. Nililizungumza na mkuu wangu wa idara tarehe 2 Mei. Naomba nilipwe, au nijulishwe kwa maandishi lini nitalipwa. Nawasilisha."

Basi. Hakuna "kwa masikitiko makubwa na moyo uliojaa majonzi". Hakuna historia ya ugomvi wenu tangu 2017. Na maneno yale "au nijulishwe kwa maandishi" msiyaache. Ndiyo yanayomlazimisha mtu kuandika kitu, hata kama ni kukataa, na ukikataliwa kwa maandishi una cha kupandia ngazi.

HATUA YA TANO: MLANGO WA MASJALA

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokaa maisha yangu.

Mimi mwenyewe, karani wa masjala, nilipoteza dai langu la uhamisho. Nilihamishwa, nikaandika barua safi, kisha nikampa dereva wa bosi aifikishe kwa sababu alikuwa anapanda ghorofani. Barua ile sijaiona tena hadi leo. Sikuwa na nakala. Miaka miwili baadaye naambiwa, "Mama, kwenye jalada lako hakuna dai." Na ni kweli halikuwepo, jalada hilo nililifungua kwa mikono yangu nikalitafuta folio kwa folio, yaani karatasi kwa karatasi kwa namba zake.

Kwa hiyo: chapa nakala mbili. Zote mbili ziende dirishani. Karani atagonga muhuri wa KUPOKELEWA kwenye zote, moja ataichukua, ya pili utaondoka nayo. Usiondoke bila hiyo. Utazame muhuri kabla hujageuka: yale magurudumu ya tarehe huzungushwa kwa kidole kila asubuhi, na siku ya Jumatatu wengine husahau, ukajikuta umepokelewa Ijumaa ambayo ulikuwa safarini. Mwombe arekebishe palepale na aweke saini.

Kisha muulize kwa upole, barua inaingia jalada gani, folio namba ngapi. Ya kwako binafsi inapaswa kuingia jalada lako binafsi. Kama jambo ni la siri, iweke kwenye bahasha iliyofungwa, andika SIRI, na iende masjala ya siri. Ikiingia masjala ya wazi, mpaka saa saba mchana kantini nzima inajua.

HATUA YA SITA: KUIAMSHA

Jalada likishapanda na dokezo, yaani maelezo mafupi ya ofisi kwa mkubwa anayeamua, hukaa kwenye meza ya mtu. Mimi nilikuwa nawaambia watumishi wangoje wiki mbili, kisha waandike kumbusho la mistari mitatu likitaja tarehe ya barua ya kwanza, nalo ligongwe muhuri. Kumbusho mbili zikipita kimya, panda ngazi. Kwenda ofisini kila asubuhi kumsalimia Afisa Utumishi hakuhesabiki.

HATUA YA SABA: NGAZI

Kwa mtumishi wa halmashauri, juu ya Mkurugenzi kuna Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Dodoma, TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) au Utumishi (wizara ya watumishi wa umma) kutegemea jambo lenyewe. Kila barua ibebe nakala za zile za chini zenye mihuri. Malalamiko unaweza pia kuyaingiza kwenye mfumo wa e-Mrejesho, kwa intaneti au kwa simu kupitia *152*00#, na utunze namba ya kumbukumbu utakayopewa. Huo ndio muhuri wako wa huko.

Rufaa za nidhamu kwa wengi wetu huenda Tume ya Utumishi wa Umma. Usiporidhika na uamuzi wa Tume, unakata kwa Rais, na hapo ndipo mwisho wa ngazi hizo. Wapo wanaokimbilia moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, kwa kuwa shemeji wa kiwandani alishinda huko. Shemeji si mtumishi wa umma. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinakutaka umalize kwanza njia zilizomo ndani ya sheria hiyo.

La mwisho kwenye hatua hii, na nalisema kwa sauti: usipande basi kwenda Dodoma kufuatilia haki yako bila ruhusa ya maandishi. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa la kukufukuzisha kazi. Umeondoka Masasi na dai la nauli, unarudi na hati ya mashtaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, Nanyamba: Shikamoo mama. Barua yangu inamlalamikia mfawidhi wa kituo, na ndiye wa kuipitisha. Amekataa kuisaini.

Marahaba mwanangu. "Kupitia kwa" ni njia, si geti la kufuli. Mpe kwa dispachi, asaini kuwa amepokea. Akikataa hata dispachi, andika siku na saa aliyokataa. Baada ya siku chache peleka nakala moja kwa moja kwa Mkurugenzi, na kwenye aya ya kwanza eleza kwamba ilipitia kwake tarehe fulani hakuirudisha. Usimtukane. Tarehe inatosha.

Mwalimu, Kilwa: Mama, sisi walimu nasi tunakwenda Tume hiyo hiyo?

Mambo ya nidhamu ya mwalimu yanashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, na wana ofisi wilayani. Anzia hapo. Nauli na uhamisho bado ni kwa Mkurugenzi wako. Na ninyi wa Kilwa mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara: kama una rufaa yenye siku za kuhesabu, usiitegemee barua ya kutuma kwa basi wiki ya mwisho.

Mwanachama aliyeomba nisiandike kituo chake: Mimi bado niko kwenye majaribio. Mkuu wangu anasema fomu yangu ya kuthibitishwa "inategemea mimi mwenyewe", na ananiandikia usiku. Nipitie hatua hizo hizo?

Hapana, mwanangu. Hizo usizipite. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokutia kinyaa. Piga picha skrini, mtumie mtu unayemwamini akutunzie. Piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haulipii. Barua yoyote isipite kwake. Na njoo nyumbani, unapajua, tuzungumze.

Mtendaji wa kijiji, Tandahimba: Dada, habari za kustaafu. Nimeshika ofisi ya kata mwaka mzima, Afisa Utumishi aliniambia "shikilia hapo". Nadai posho ya kukaimu.

Salama kaka. Una barua ya kukaimu? Kama ni "shikilia hapo" tu, kwenye jalada lako wewe ni mtendaji wa kijiji na hukuwahi kuwa kitu kingine. Andika leo, omba uteuzi wa kukaimu kwa maandishi, ambatisha barua zote ulizosaini kwa niaba ya kata na mihtasari ya vikao. Ya nyuma sikuahidi. Ya mbele utajisaidia.

Mwanachama, Ruangwa: Tuko 12, wote tunadai malimbikizo. Tukisaini barua moja si itakuwa na uzito zaidi?

Itakuwa na uzito na haitakuwa na pa kulala. Mafaili binafsi ni 12, barua moja. Karani ataiweka wapi? Itaingia jalada la jumla, na atakayehakiki dai lako atafungua jalada lako binafsi alikute tupu. Kila mtu aandike lake na slipu zake. Lile la pamoja, yaani kwamba watumishi hawalipwi kwa wakati, lipelekeni kupitia tawi mpaka baraza la wafanyakazi. Huko ndiko linakofaa kupigiwa kelele.

Mwanachama, Newala: Mama, hatua ya tano kwetu ni ndoto. Masjala wanasema muhuri uko kwa bosi, amefungia drooni, yuko semina Morogoro.

Nimecheka, maana namjua bosi wa namna hiyo. Muhuri si lazima. Mwombe karani aandike kwa mkono kwenye nakala yako: "Nimepokea", jina, cheo, tarehe, saini. Akiogopa, itume kwa posta ya rejista, risiti uibane kwenye nakala. Na kalamu nenda na yako. Ya masjala hufungwa kamba fupi, haifiki dirishani.