Kulea vifaranga vya samaki wa anemone nyumbani: chakula kwanza, mayai baadaye

Jozi yangu ya kwanza ilipotaga, nilifurahi sana, na siku hiyohiyo nikaanza kutafuta chakula cha vifaranga. Nilikuwa nimeshachelewa. Walianguliwa wengi, na siku ya tatu hakubaki hata mmoja. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye rotifa, chakula chao cha kwanza.

Samaki wa anemone huishi katikati ya mikono yenye sumu ya anemone, mnyama wa baharini anayejishikiza mwambani. Ninayemzungumzia ni Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya machungwa mwenye mikanda mitatu myeupe. Miamba ya pwani ya Afrika Mashariki ina ndugu zake, Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi. Kila kifaranga anayekulia nyumbani ni samaki mmoja ambaye hakuna sababu ya kumtoa mwambani, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Hatua ya 1: Fuga rotifa mapema

Rotifa ni vijidudu vya majini ambavyo kwa macho huonekana kama vumbi. Kifaranga aliyetoka yaini ana urefu wa milimita 3 hadi 4, na mdomo wake hauwezi kumeza kitu kikubwa kuliko hao. Tafuta mbegu ya rotifa aina ya Brachionus plicatilis, uiweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi yenye mrija wa hewa unaotoa mapovu taratibu. Walishe Nannochloropsis, mwani wa kijani mdogo sana usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Hamira nayo huwalisha, lakini huchafua maji upesi na haina mafuta ambayo kifaranga anayahitaji, kwa hiyo mimi niliiacha. Kila siku vuna kama robo ya ndoo na kurudishia maji mapya. Fuga ndoo mbili, kwa kuwa moja inaweza kufa usiku mmoja bila dalili yoyote.

Hatua ya 2: Soma mayai

Weka kigae au chungu cha udongo karibu na wanapolala wazazi, ili watage juu ya kitu unachoweza kukihamisha. Mayai huanza yakiwa ya rangi ya machungwa, kisha hufanya weusi. Maji yakiwa na nyuzijoto 26 hadi 28, huanguliwa baada ya siku 6 hadi 8 hivi. Ukiona macho ya vifaranga ndani ya mayai yanang'aa kama fedha, jiandae usiku huo.

Hatua ya 3: Usiku wa kuangua

Andaa tangi la lita 20 hadi 40, pande zake zikifunikwa karatasi nyeusi. Lijaze maji ya tangi la wazazi, yaleyale, ili joto na chumvi visibadilike. Jioni hamishia humo kigae kikiwa ndani ya bakuli la maji, mayai yakibaki majini muda wote. Weka jiwe la hewa chini yake, mapovu yapande kando ya mayai. Hiyo ndiyo kazi ambayo baba yao alikuwa akiifanya kwa mapezi. Kisha zima taa zote. Kwa kawaida huanguliwa ndani ya saa moja au mbili za giza. Usiwashike kwa wavu hata kidogo. Ikibidi kuwahamisha, wachote pamoja na maji kwa kikombe.

Hatua ya 4: Siku kumi ngumu

Asubuhi mimina mwani mpaka maji yawe na ukijani mwepesi. Mwani huo hulisha rotifa, hupunguza amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki), na humsaidia kifaranga kuona mawindo. Taa iwe hafifu. Weka rotifa wasiopungua 10 kwa kila mililita: vuta mililita moja kwa bomba la sindano, lielekeze kwenye mwanga, uhesabu. Hesabu asubuhi na jioni, ongeza wakipungua. Kifaranga anayekula hujikunja kama herufi S, kisha hurusha mwili mbele.

Adui wa pili baada ya njaa ni amonia, na katika maji ya bahari sumu yake ni kali zaidi kwa sababu pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iko juu (uasidi ni mdogo). Kila siku vuta uchafu wa chini kwa mpira mwembamba na kurudisha maji tone kwa tone. Mimi hutumia mpira wa dripu wa duka la dawa, wenye kile kigurudumu cha kupunguza mwendo. Maji huchota bahari ikiwa imejaa, mbali na midomo ya mito. Masika, baada ya mvua kubwa, sichoti kabisa. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu.

Kuanzia siku ya 5 au ya 6 anza kuchanganya atemia (vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba) wachanga kidogo kidogo, walioanguliwa saa chache tu zilizopita. Watenge na maganda yao, kwani maganda huziba matumbo. Usikatishe rotifa ghafla.

Hatua ya 5: Mkanda mweupe

Kati ya siku ya 8 na ya 15 hivi, mkanda mweupe huanza kuonekana kichwani, na vifaranga huacha kuelea ovyo, wakatafuta pa kujiegemeza. Hapo ondoa mwani, ongeza mwanga, weka chujio la sponji, uwazoeshe chakula cha unga.

Wazazi hutaga tena baada ya wiki mbili au tatu. Usimwage ile ndoo ya rotifa.