Uvimbe wa mishipa ya damu kwa mtoto: namna ya kuutambua na kuutibu kabla ya kukimbilia kisu

Mzazi anayeona alama nyekundu au uvimbe laini wa kibuluu kwenye mwili wa mtoto wake, awe Nansio, Magu au katikati ya jiji la Mwanza, hupokea ushauri mwingi kabla hajafika zahanati: wapo watakaomwambia mtoto achanjwe chale, wapo watakaosema aumikwe ili damu mbaya itoke, na wapo watakaomhimiza atafute wa kuukata upesi. Ninamsihi asikubali lolote kati ya hayo mpaka ijulikane ni mishipa ya aina gani iliyomo ndani, kwa sababu uvimbe mmoja husinyaa wenyewe, mwingine hukua na mtoto maisha yake yote, na mwingine ukikatwa ovyo humwaga damu isiyozuilika kirahisi.

Utambuzi huanza na swali la lini ulionekana. Hemangioma, ambayo ni uvimbe wa seli zinazoongezeka, huwa haipo siku ya kuzaliwa au huwa ni doa hafifu tu. Huchomoza katika wiki za kwanza, hukua kwa kasi hasa kabla ya miezi 5, kisha husinyaa polepole kwa miaka. Kasoro za mishipa ni jambo jingine: mishipa yenyewe iliumbika vibaya mtoto akiwa tumboni, hivyo kasoro ipo tangu kuzaliwa hata kama ilijificha, na inaweza kuvimba ghafla baada ya jeraha, wakati wa kubalehe au wa ujauzito. Watafiti Mulliken na Glowacki ndio walioweka tofauti hii wazi mwaka 1982, na kila uamuzi wa tiba bado unaanzia hapo. Mpige mtoto picha kwa simu kila mwezi, rula ikiwa kando ya uvimbe, maana picha hizo zitamweleza daktari mwenendo wake kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kisha tumia mkono. Mtoto akiwa ametulia, weka kiganja juu ya uvimbe na ulinganishe joto lake na upande wa pili wa mwili. Bonyeza taratibu, achia, na uangalie. Kasoro ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ni laini, hunywea ikibonyezwa na kujaa tena, huvimba mtoto anapolia au anapoinamisha kichwa, na wakati mwingine ndani yake hupapaswa vijiwe vigumu vya damu iliyoganda. Kasoro ya limfu, yaani ya mishipa inayopitisha majimaji ya mwili, inayopenda shingo na kwapa, hainywei hivyo, na ukiimulika kwa tochi gizani mara nyingi hung'aa. Uvimbe wa moto, unaodunda na kutetema chini ya vidole, unaashiria ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, zilizoungana moja kwa moja na vena. Huo usiguswe kwa sindano wala wembe. Doa bapa jekundu lililofunika paji la uso na kope linahitaji uchunguzi wa macho na wa ubongo, kwani linaweza kuambatana na shinikizo la jicho na degedege.

Kanda yetu ya ziwa ina tahadhari yake ya pekee. Uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache, meno yakilegea, unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa Uganda. Huyo asisubiri picha za kila mwezi. Apelekwe hospitali ya rufaa ya Bugando bila kuchelewa.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi yenye Dopla, ambayo huonyesha kama damu inakwenda kasi au polepole. MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hufuata pale daktari anapotaka kujua kina cha uvimbe kabla ya tiba.

Hemangioma ndogo ya mgongoni huachwa ikaangaliwa. Iliyo karibu na jicho, mdomoni, yenye kidonda, au iliyo kidevuni na shingoni kwa mtoto anayekoroma akipumua, haisubiri. Dawa yake ni propranololi, ambayo faida yake kwa ugonjwa huu iligunduliwa Bordeaux, Ufaransa, na kutangazwa mwaka 2008. Kwa kawaida hutolewa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa, na daima mtoto akiwa amenyonya au amekula. Hapa ninasisitiza, kwa kuwa malaria ni ya kila siku kwetu: mtoto mwenye homa, anayetapika, anayekataa kunyonya au anayebanwa na kifua asipewe dozi hiyo, bali apelekwe kituoni, kwani sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Kasoro za vena na za limfu hutibiwa zaidi kwa kuchomwa dawa inayokausha mishipa, kama bleomisini, mara kadhaa kwa vipindi. Uvimbe huongezeka kwa siku kadhaa baada ya sindano. Kwa hiyo mgonjwa wa shingo au ulimi anayetoka Ukerewe asivuke ziwa siku hiyohiyo, bali abaki kwa ndugu Mwanza hadi daktari amruhusu. Kasoro kubwa ya limfu inaweza kupewa dawa ya sirolimasi, kwa vipimo vya damu vya mara kwa mara. Kasoro ya ateri huzibwa kutoka ndani kwa mrija mwembamba, kazi ya mtaalamu wa radiolojia tiba, yaani anayetibu akiongozwa na picha za ndani ya mwili, na upasuaji hufuata inapobidi. Kufunga ateri inayoilisha pekee ni kosa kubwa, kwa sababu mishipa mingine hufunguka na kuikuza zaidi.

Uvimbe ukitoka damu, kandamiza palepale kwa kitambaa safi kwa dakika 15 bila kuchungulia, inua kiungo ikiwezekana, na anza safari ya hospitali mkono ukiwa bado umekandamiza. Anayeishi kisiwani akubaliane mapema na mwenye boti atakayemvusha usiku.