Nyimbo zako za zamani za iTunes zina kufuli? Jinsi ya kupata matoleo yaliyo huru

Kama uliishi Marekani, Uingereza au Kanada kati ya mwaka 2003 na 2009 na ulikuwa na iPod, huenda kompyuta yako bado ina nyimbo ulizolipia kihalali kwenye iTunes, duka la muziki la Apple, ambazo hazichezi popote nje ya programu za Apple. Kwa kawaida mtu hugundua siku anapozihamishia kwenye flashi ya redio ya gari, au kwenye simu ya Android, akakuta hazisomeki. Mafaili si mabovu. Yana kufuli.

Kazi hii huwa naifanya kwa wateja waliorudi nyumbani na kompyuta zao za ughaibuni. Inawezekana kuimaliza bila kununua upya kila wimbo na bila programu za kuvunja kufuli. Programu hizo zimejaa mtandaoni, nyingi huja na virusi, na kwa Marekani kuvunja kufuli la aina hii kumepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1998. Sizitumii, na mwongozo huu hauzihitaji.

Historia kwa ufupi, kwa sababu itakusaidia kujua unatafuta nini. Duka la iTunes lilifunguliwa Marekani Aprili 2003, likafika Uingereza, Ufaransa na Ujerumani Juni 2004. Kampuni kubwa za muziki zilikubali kuuza kwa sharti la kufuli liitwalo FairPlay: faili la sauti la aina ya AAC la kbps 128 (kbps ni kipimo cha ubora wa sauti, namba ikiwa kubwa sauti ni bora), lenye kiendelezi, yaani herufi za mwisho za jina la faili, cha .m4p, linalocheza kwenye kompyuta zisizozidi tano zilizoidhinishwa. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliandika barua ya wazi akizitaka kampuni hizo ziachane na kufuli. EMI, mojawapo ya kampuni hizo, ndiyo iliyotangulia kukubali, na Mei mwaka huo likazinduliwa toleo la iTunes Plus: kbps 256, kiendelezi cha .m4a, bila kufuli. Januari 2009 kampuni kubwa zilizobaki nazo zikaingia. Wakati huo uliweza kulipa senti 30 za dola kubadilisha wimbo mmoja. Njia hiyo haipo tena, ndiyo maana tunapita njia nyingine.

Hatua ya 1: Weka nakala kwanza

Funga programu ya muziki kabisa. Chukua folda nzima ya Music, pamoja na faili la maktaba na si nyimbo peke yake, uinakili kwenye diski ya nje. Kisha chomoa diski hiyo uiweke kando. Huko mbele tutafuta vitu, na sitaki ufute huku unaomba dua.

Hatua ya 2: Zitambue zenye kufuli

Kwenye Mac yenye macOS Catalina ya mwaka 2019 au mpya zaidi, programu inaitwa Music. Kwenye Mac za zamani na kwenye Windows tumia iTunes. Panga maktaba ionekane kama orodha ya nyimbo, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, kisha weka alama kwenye Kind. Safu hiyo itakuonyesha aina ya kila faili. Ikisema "Protected AAC audio file", huo ndio tunaousaka. Ikisema "Purchased AAC audio file", wimbo huo ulishanunuliwa bila kufuli, uache. "Matched AAC audio file", inayotokana na huduma ya hatua ya 5, nayo ni salama.

Kuna aina moja inayowachanganya wengi: "Apple Music AAC audio file". Hiyo hukuinunua, umeikodi kwa malipo ya kila mwezi. Nayo ina kufuli, wakati mwingine hata kiendelezi ni kilekile cha .m4p, lakini ukiacha kulipa inakoma kucheza. Hakuna hatua yoyote hapa itakayoigeuza kuwa mali yako. Ukiupenda wimbo huo, ununue.

Sasa tengeneza orodha inayojijaza yenyewe: File, kisha New, kisha Smart Playlist. Sharti liwe moja tu: Kind, contains, Protected. Ipe jina, mimi huiita "Zenye kufuli". Kazi ikiendelea itakuwa inapungua yenyewe, na ndiyo itakayokuambia umefika wapi.

Hatua ya 3: Jua zilinunuliwa kwa akaunti ipi, na ya nchi ipi

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa hiyo usikimbie. Chagua wimbo mmoja wenye kufuli, fungua Get Info, nenda sehemu ya File. Utaona jina la mnunuzi na akaunti iliyotumika. Rudia kwa nyimbo kadhaa za miaka tofauti. Mara nyingi maktaba moja huwa na akaunti mbili au tatu: ya mume, ya mke, na ya barua pepe ya chuo ambayo mwenyewe ameisahau. Kila kundi lishughulikie kwa akaunti yake, na urudishe nywila kabla ya kwenda mbele. Barua pepe ikiwa imekufa, Apple wana utaratibu wa kurejesha akaunti. Unachukua muda, uanze mapema.

Kuhusu nchi: manunuzi yamefungwa kwenye duka la nchi uliyonunulia. Ukibadilisha akaunti kutoka Marekani kwenda Tanzania au Kenya kwa sababu tu umehama, nyimbo ulizonunua Marekani hazitapatikana kwa kupakuliwa upya. Kwa hiyo iache akaunti katika nchi yake hadi umalize. Ubaya wake ni kwamba ukihitaji kulipia kitu, njia ya malipo nayo lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Kama kadi yako ya huko ilishafungwa, hatua ya 4 ndiyo mkombozi wako, maana haina malipo.

Mwisho, idhinisha kompyuta: Account, Authorizations, Authorize This Computer. Ukiambiwa zimeshafika tano, huenda nyingine ulishazigawa au zilikufa. Fungua ukurasa wa akaunti ubofye Deauthorize All. Hilo linaruhusiwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usilichezee.

Hatua ya 4: Jaribu wimbo mmoja, bure

Nasema mmoja. Usifute albamu, usifute msanii, achilia mbali orodha nzima.

Chagua wimbo unaoamini bado unauzwa. Andika jina lake mahali, kisha ufute kwenye maktaba. Ukiulizwa kama unataka uufiche kwenye manunuzi yako, kataa. Sasa ingia iTunes Store, fungua ukurasa wa Purchased, utafute na ubofye alama ya wingu. Ukishuka, angalia safu ya Kind. Ikiwa imebadilika kuwa Purchased na faili linaishia .m4a, umepata toleo lisilo na kufuli na hujalipa chochote. Kipimo kingine ni ukubwa: wimbo wa dakika nne kwa kbps 128 ni karibu MB 4, kwa kbps 256 ni karibu MB 8.

Jaribio likifaulu, endelea kwa mafungu madogo, albamu moja moja. Kwa aliye na mtandao wa bando piga hesabu kabla: nyimbo 1,000 ni kama GB 8.

Njia hii ina gharama moja isiyo ya fedha. Kwa kuwa umeufuta wimbo kwenye maktaba, unapoteza idadi ya mara ulizousikiliza, nyota ulizoupa, na nafasi yake kwenye orodha ulizopanga kwa mkono. Mwenye nyimbo 40 hatajali. Mwenye orodha za harusi na safari za miaka kumi atajali sana, na huyo aruke hadi hatua ya 5. Aende huko pia ambaye wimbo wake haukuonekana kwenye Purchased.

Hatua ya 5: iTunes Match kwa mwaka mmoja

iTunes Match ni huduma ya kulipia iliyoanza Marekani Novemba 2011 kwa dola 24.99 kwa mwaka. Inapitia maktaba yako, inalinganisha kila wimbo na ulio dukani, na ikiupata inakuruhusu kupakua toleo la kbps 256 lisilo na kufuli. Mafaili ukishayapakua ni yako hata usipolipa tena. Kikomo ni nyimbo 100,000, na ulizonunua iTunes hazihesabiwi ndani yake.

Jiunge, iache kompyuta iwake usiku kucha ikilinganisha. Ongeza safu nyingine iitwayo Cloud Status. Nyimbo za kwenye "Zenye kufuli" zinazoonyesha Matched au Purchased ziko tayari. Nyimbo ambazo kompyuta haijaidhinishwa kuzicheza hazitakubaliwa, na ndiyo sababu hatua ya 3 ilitangulia.

Chagua wimbo mmoja, tena mmoja, bofya kwa kitufe cha kulia uchague Remove Download. Si Delete from Library! Ya kwanza inaondoa faili la zamani tu na kuacha jina la wimbo, nyota zake na nafasi yake kwenye orodha. Ya pili inafuta vyote. Alama ya wingu ikitokea ubavuni, ibofye, upakue, kisha angalia Kind. Ikiwa sawa, fanya zilizobaki.

Sikiliza chache kabla ya kufurahi. Mfumo huu una ugonjwa mmoja unaojulikana: wakati mwingine hukupa toleo lililosafishwa matusi badala ya lile ulilonunua, au rekodi ya albamu nyingine. Ukikuta hivyo, unayo nakala ya diski ya nje, na hiyo itakwenda hatua ya 6. Kazi ikiisha, zima kujirudia kwa malipo kwenye ukurasa wa akaunti.

Hatua ya 6: Zilizogoma

Daima hubaki chache. Haki za albamu zilibadilisha mikono, lebo ikafa, wimbo ukaondolewa dukani. Kwanza tafuta kama msanii anauza mwenyewe mahali pengine. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, huuza mafaili ya MP3 na FLAC (aina isiyopunguza ubora wa sauti) bila kufuli. CD iliyotumika nayo mara nyingi ni bei ya chini na sauti yake ni bora kuliko faili lolote la kbps 128.

Ukikosa kote, choma CD. Apple wenyewe waliliruhusu hilo tangu mwanzo, na tangu 2004 kikomo ni mara saba kwa orodha moja isiyobadilishwa. Unahitaji kichomeo cha nje cha USB na diski ya CD-RW, ambayo inafutika na kutumika tena. Panga orodha isiyozidi dakika 80, ichome kama Audio CD. Ukichagua data CD utakuwa umehamisha kufuli na wimbo wake. Kabla ya kuirudisha kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya kuingiza CD uchague Apple Lossless, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti. Watu huchagua MP3 hapa ili kuokoa nafasi, na ndipo sauti inapoharibika, kwa sababu wimbo uliokwisha kubanwa mara moja unabanwa tena. Kwa Apple Lossless faili litakuwa kubwa na halitazidi ubora wa lile la mwanzo, lakini angalau halitapungua.

Hatua ya 7: Flashi, simu, na nakala mpya

Simu za Android zinacheza .m4a bila shida. Redio nyingi za gari zinataka MP3. Chagua MP3 Encoder kwenye mipangilio ileile ya kuingiza CD, kisha File, Convert, Create MP3 Version. Zipeleke MP3 kwenye flashi na uache .m4a zikae kwenye maktaba.

Weka nakala ya maktaba mpya kwenye diski ya nje, kando ya ile ya zamani, usiifute ile ya zamani kwa haraka. Na usiahirishe kazi yote hii kwa kuamini duka litakuwapo daima. Mwaka 2008 Microsoft walitangaza kuzima seva zilizokuwa zikiidhinisha nyimbo za MSN Music, duka lao la muziki, wakarudi nyuma baada ya wateja kulalamika. Yahoo walizima za kwao mwaka huohuo, ikabidi wawafidie wateja.

Jambo moja kabla hujawagawia jamaa hiyo flashi: faili la iTunes lisilo na kufuli bado limebeba ndani yake jina lako na barua pepe uliyonunulia.