Ukienda Konya, anza na kwa Maulana asubuhi

Ukiwa Uturuki, usiipite Konya mbio mbio ukikimbilia Kapadokia. Kwa treni ya mwendo kasi kutoka Ankara ni takriban saa mbili tu.

Kaburi la Maulana Jalaluddin Rumi, yule mshairi na mwalimu wa Kisufi wa karne ya 13, chini ya lile kuba la kijani, liendee milango inapofunguliwa, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Kwa jina ni makumbusho tangu 1927, lakini utakuta watu wameinua mikono wakiomba dua, wengine machozi yanawatoka. Kwa hiyo ingia kama mtu anayezuru: mabega na magoti yafunikwe, kina mama mtandio uwe tayari, sauti chini, na tafadhali usimwelekezee kamera anayeomba.

Wengi huuita mji huu mgumu wa dini. Mimi niliuona wa staha. Pombe ni nadra, lakini kuna etli ekmek, mkate mrefu mwembamba wenye nyama ya kusaga. Ule wa moto!

Maadhimisho ya kifo cha Maulana hufikia kilele 17 Desemba. Weka nafasi ya hoteli mapema, na beba koti zito. Konya iko juu, kama mita 1,000.