Fuata shamba, usifuate jina: kumtafuta babu wa Virginia ya kikoloni

Mtu aliyeishi Virginia mwaka 1740 huenda ametajwa kwa wino mara tano au sita tu maisha yake yote. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Sensa ya kwanza ya Marekani ni ya 1790, na fomu za Virginia za mwaka huo zimepotea. Daftari nyingi za ubatizo nazo hazipo. Vilivyobaki ni vile ambavyo wakoloni wenyewe walivijali: ardhi, kwa kuwa ilitozwa kodi, na mahakama, kwa kuwa kila mtu alikuwa anadaiwa na mwenzake.

Anayeanza huandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, akapata watu kumi wenye jina hilohilo, akamchagua anayempendeza. Hapo ndipo nasaba nyingi zinapoharibika. Watu huhama, huoa tena na kurithishana majina, lakini shamba halihami. Hesabu kila ekari iliyoingia mikononi mwa babu yako na kila iliyotoka, na wale wenye jina lake watajitenga wenyewe.

Kwanza, kaunti ilikuwa ipi mwaka ule

Kaunti za Virginia zilikuwa zikigawanywa kila idadi ya walowezi ilipoongezeka. Chukua Buckingham. Ilimegwa kutoka Albemarle mwaka 1761. Albemarle ilitoka Goochland mwaka 1744, na Goochland ilitoka Henrico mwaka 1728. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kibanda kimoja tangu 1725 hadi 1765, bila kuhama hata hatua moja, ameandikwa katika kaunti nne. Ukimwona "ametoweka" Goochland mwaka 1744, usikimbilie kusema amekufa au amehamia Carolina. Tengeneza jedwali la kaunti na miaka yake kabla ya kufungua kitabu chochote, ulibandike ukutani.

Parokia nazo zilikuwa na mipaka na tarehe zake, na si lazima zilingane na za kaunti. Ziandike kwenye jedwali hilohilo, maana utazihitaji.

Hatimiliki ya kwanza

Ardhi mpya ilitolewa na ofisi ya koloni, na nakala za vitabu vyake kuanzia 1623 ziko Library of Virginia, maktaba ya jimbo huko Richmond. Picha zake zinasomeka bure mtandaoni. Eneo moja lilikuwa na utaratibu wake: Northern Neck, kati ya mito Potomac na Rappahannock, ilikuwa milki ya ukoo wa Fairfax, na hati zake ziko kwenye mfululizo tofauti. Usipompata kwenye vitabu vya koloni, hakikisha kwanza hukukosea upande wa mto.

Kuanzia 1618, aliyelipia nauli ya mtu kuja Virginia alipewa haki ya ekari 50, na majina ya waliolipiwa yaliandikwa kwenye hati. Yasome kwa tahadhari. Tarehe ya hati si tarehe ya kufika, kwani haki hizo ziliuzwa kama bidhaa na kukaa miaka kabla ya kutumiwa. Jina moja lilitumika mara mbili, na wapo waliojilipia safari mbili. Kinachothibitishwa ni kwamba kuna aliyedai kuwa mtu huyo alishafika kabla ya tarehe ile, basi.

Toa kwenye hati mambo haya: idadi ya ekari, kijito au mto, majirani wote waliotajwa, na maelezo ya mipaka neno kwa neno. Muhtasari uliochapishwa hautoshi, kwa sababu aliyefupisha mara nyingi ameruka majirani, na majirani ndio utakaowategemea baadaye.

Chora shamba

Wengi huiruka hatua hii kwa uvivu, nayo ndiyo inayotatua mambo. Mipaka iliandikwa kwa mwelekeo wa dira na umbali, kutoka mti hadi mti: kaskazini nyuzi 40 kuelekea mashariki, poli 120 hadi mwaloni mweupe kando ya kijito. Poli moja ni futi 16 na nusu, yaani mita 5.03. Poli nne ni mnyororo mmoja wa mpimaji. Poli 320 ni maili moja. Ekari moja ni poli 160 za mraba, hivyo shamba la ekari 400 lina poli za mraba 64,000, mathalani upana wa poli 200 na urefu wa 320.

Chukua karatasi inayopenyeza mwanga, rula na protrakta. Ukitumia skeli ya 1:24,000, ambayo ndiyo ya ramani za kina za serikali ya Marekani zinazopakuliwa bure, poli 100 zinakuwa sentimita 2.1. Kwa skeli hiyo unaweza kulaza mchoro wako juu ya ramani na kuusogeza hadi kijito kikae juu ya kijito.

Mstari wa mwisho usiporudi pale ulipoanzia, sababu huwa chache. Mara nyingi karani aliyenakili ameruka mstari mmoja, au ameandika kusini mahali pa kaskazini. Geuza mwelekeo mmoja mmoja uone kama umbo linafunga. Mpaka ukifuata kijito, umbali haukupimwa kwa dira, kwa hiyo acha upande huo wazi, ramani itaujaza. Mchoro mzima ukikaa umepinda digrii kadhaa, si kosa lako. Dira ilifuata kaskazini ya sumaku, ambayo inasogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo zungusha karatasi.

Kisha chora mashamba ya majirani waliotajwa. Yakipangana kama vigae, unaanza kuona kijiji. Vijana walioa watoto wa jirani, wasia ulishuhudiwa na jirani, na mtu alipohamia bondeni zaidi alihama na majirani zake. Walioshika mnyororo wakati wa kupima, majina yao yakiandikwa, mara nyingi ni ndugu au watu wa shamba la pili.

Daftari la ekari

Fungua daftari lenye safu mbili, zilizoingia na zilizotoka. Tuseme babu yako alipata ekari 400 mwaka 1735 huko Goochland. Mwaka 1746 aliuza 150, na kwa kuwa sasa ni Albemarle, hati iko huko. Mwaka 1759 akauza 100. Zimebaki 150 ambazo hazina hati ya kuuzwa wala wosia. Hizo 150 ndizo zinazokutafutia mtoto wake.

Virginia ya wakati ule, mtu akifa bila wosia, ardhi yote ilikwenda kwa mtoto wa kiume mkubwa. Sheria ya kubadili hilo ilipitishwa 1785 na kuanza kutumika 1787. Mtoto huyo hakuhitaji hati yoyote, ndiyo maana huioni. Utakachokiona ni mtu mwingine, miaka kadhaa baadaye, akiuza ekari 150 zenye mwaloni uleule na jirani yuleyule. Soma hati hiyo yote, maana karani mara nyingi ataandika kwamba muuzaji ni "heir at law" (mrithi wa kisheria) wa fulani, na kwa maneno hayo matatu umepata baba na mwana. Huko New England mambo yalikuwa mengine. Massachusetts iligawa kwa watoto wote, mkubwa wa kiume akipata mafungu mawili. Usichukue kanuni ya koloni moja ukaipeleka kwa nyingine.

Mtego unaowanasa wengi ni hati pacha. Ili kukwepa taratibu ndefu za kukabidhi ardhi, muuzaji alimpangisha mnunuzi shamba kwa mwaka mmoja, kwa shilingi tano au punje ya pilipili, na kesho yake akamwachia moja kwa moja kwa hati ya pili. Anayesoma "lease" peke yake anadhani babu alikuwa mpangaji. Fungua ukurasa unaofuata utafute "release", ndiyo yenye bei halisi.

Tazama pia kama mke amehojiwa faraghani na kukubali kuachia haki yake. Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe hadi kufa kwake, na mnunuzi mwenye akili hakutaka mama mjane aje kudai baadaye. (Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu asiichanganye na thumni ya mke: hii haikuwa mali yake, alikuwa akiitumia tu.) Mke akitajwa mwaka 1746 kwa jina moja na mwaka 1759 kwa jina lingine, ama kuna ndoa mbili, ama una wanaume wawili wenye jina moja. Usiamue kabla ya kuona sahihi. Aliyetia sahihi kwa mkono wake 1746 si kawaida atie alama ya X 1759, isipokuwa alikuwa mgonjwa.

Vitabu vya mahakama

Kitabu cha amri za mahakama ya kaunti ndicho kinachochosha kuliko vyote na ndicho chenye utajiri. Faharasa zake, zikiwepo, huorodhesha mdai na mdaiwa tu. Mashahidi, wadhamini na wasimamizi wa barabara hawamo. Soma ukurasa kwa ukurasa, miaka mitano mbele na mitano nyuma ya tukio unalolijua.

Kesi ya deni ya mistari miwili yaweza kukupa mwaka wa kifo: imefutwa kwa kuwa mdaiwa amefariki. Shahidi alilipwa ratili 25 za tumbaku kwa siku, na aliyetoka kaunti nyingine aliongezewa kwa maili, kwa hiyo maili zikiandikwa, una umbali wa nyumba yake kutoka mahakamani. Amri ya kutengeneza barabara hutaja wanaume wa eneo hilo, na hapo utaona nani alikaa karibu na nani.

Akifa bila wosia, msimamizi wa mirathi kwa kawaida alikuwa mjane, kisha ndugu wa karibu, kisha mdai mkubwa. Ukiona mfanyabiashara ndiye msimamizi, uliza kwa nini familia haikujitokeza. Waliomdhamini mjane wachunguze sana, kwani aghalabu ni baba yake au kaka zake. Hiyo ni mojawapo ya njia chache za kupata ukoo wa mwanamke.

Miaka ya umri hupatikana kwa hesabu. Mwanamume mweupe alitozwa kodi ya kichwa tangu miaka 16, yatima aliweza kujichagulia mlezi akifika 14, na kuuza ardhi kulihitaji 21. Yatima alikuwa aliyefiwa na baba, hata kama mama yake yu hai jikoni. "Infant" ni yeyote aliye chini ya 21, hata kama ana ndevu.

Maneno ya undugu yalikuwa yamelegea. "Cousin" mara nyingi ni mpwa. "Son-in-law" yaweza kuwa mtoto wa kambo. "Senior" na "Junior" ni mkubwa na mdogo wa mtaa mmoja, pengine wasio na damu moja, na mkubwa akifa mdogo anapanda cheo. Kwa watu ambao ndugu wa baba wanamwita baba, hili halipaswi kuwashangaza.

Kalenda nayo. Kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi. Wosia wa 10 Februari 1741 uliothibitishwa Mei 1742 haukukaa miezi kumi na mitano, umekaa mitatu. Na hati ya Aprili 1741 ilitangulia wosia huo. Andika 1741/2, na usirekebishe tarehe kimyakimya kwenye nakala yako.

Tovuti ya FamilySearch ina picha za vitabu vingi hivi kwa akaunti ya bure, na tangu 2024 mashine yake husoma mwandiko wa mkono. Itumie kupata mashahidi ambao faharasa imewaacha, lakini jaribu makosa yake: s ndefu ya mwandiko wa zamani (ſ) inasomwa f, na John ameandikwa Jno.

Mahakama ikiungua

Buckingham iliungua 1869. Kaunti nyingine, Hanover ikiwemo, zilipeleka vitabu Richmond viwe salama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vikateketea huko Aprili 1865. Hapo tumia kile ambacho nakala yake ilikuwa kwingine. Hatimiliki zilikuwa kwenye ofisi ya koloni. Orodha ya kodi ya shilingi mbili kwa kila ekari 100 imebaki kwa mwaka 1704, bila Northern Neck. Orodha za kodi ya ardhi za kuanzia 1782 zilikuwa na nakala ya mkaguzi wa serikali. Zile ekari 150 za mfano wetu, ukizikuta humo chini ya jina la ukoo uleule, mnyororo umeunganika japo hati imeungua.

Kuna vitabu vya parokia pia. Kila miaka minne baraza la kanisa liliagiza mipaka ya mashamba itembelewe na majirani, na ripoti husema nani alikuwepo, nani alikataa, na shamba limekuwa la mjane wa nani. Mahali ambapo kitabu kimebaki, ni karibu sawa na sensa.

Babu aliyekuwa mtumwa

Njia ni ileile, ila shamba unalolifuata ni la aliyemmiliki. Sheria ya 1705 iliwahesabu watumwa kama ardhi katika mirathi, kwa hiyo majina yao yamo kwenye theluthi ya mjane, migawanyo ya urithi na wosia, mara nyingine mama na mtoto kwenye mstari mmoja. Tangu 1680 watoto walioletwa kutoka Afrika walipelekwa mahakamani umri wao ukadiriwe, na kitabu cha amri kikaandika jina alilopewa mtoto, jina la mmiliki na miaka. Mtoto wa mwanamke mweupe asiyeolewa na baba mweusi aliwekwa chini ya mwajiri hadi miaka 31 kwa sheria nyingine ya 1705, na amri ya kumkabidhi hutaja jina la mama. Kwa koo nyingi za Wamarekani weusi waliokuwa huru kabla ya mapinduzi, amri hiyo ndiyo hati ya mwanzo kabisa. Itafute kwa jina la parokia, kwa sababu walioomba ni wazee wa kanisa.